Unampenda, lakini unamjua? (Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12)



Juzi umetufikia ujumbe wa dada mmoja wa Korogwe. Ameomba tusimtaje jina, nasi hatutamtaja. Anasema yeye na wenzake wanne wamekuwa wakichanga kidogo kidogo tangu mwezi wa Rajabu. Idd ikishapita wanataka kwenda Handeni, kwenye shamba la mke na mume ambao ni waigizaji wa tamthilia. Wamewafuatilia kwa miaka, hawakosi hata kipande kimoja, na wamesikia kuwa siku hizi wawili hao wanashinda shambani. Mama yake amekataa. Kamwambia: "Wale watu hata jina lako hawalijui. Shangazi yako yuko Sindeni, unapita mlangoni kwake, na huu mwaka wa pili hujamwona." Dada anauliza: je, nakosea?

Usicheke. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Swali hili ni letu sote, maana kila mmoja wetu ana mtu anayempenda na hajawahi kukaa naye hata dakika tano. Wewe ni mwigizaji, yule ni mchezaji wa Simba au Yanga, mwingine ni shekhe wa YouTube mwenye sauti nzuri. Mapenzi ni yale yale. Basi tulitazame jambo hili taratibu, bila kumzomea mtu.

*Kwanza: kumpenda si kosa*

Moyo umeumbwa upende. Ukiona mtu anafanya kazi yake vizuri, ukavutiwa naye, hujafanya dhambi. Mtu aliyekuchekesha siku uliyokuwa na majonzi amekufanyia wema, hata kama yeye mwenyewe hana habari.

Ila dini yetu haiyachukulii mapenzi kama mchezo. Unaikumbuka hadithi ya yule mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) Kiyama kitakuja lini. Mtume naye akamuuliza amekiandalia nini. Yule bwana akakiri kuwa hana sala nyingi wala saumu nyingi, ila anampenda Allah na Mtume Wake. Akabashiriwa kuwa atakuwa pamoja na anaowapenda. Anas (r.a.) anasimulia kwamba Maswahaba walifurahi kwa habari ile furaha kubwa sana.

Sisi huwa tunaisikia hadithi hii kwa upande wa bishara tu. Igeuze uone upande wa pili. Kama mapenzi yana uzito wa kukupeleka mahali, basi hayafai kugawiwa ovyo kama peremende za harusini. Swali la kujiuliza kabla ya "je, inaruhusiwa kumpenda?" ni hili: *unapenda nini hasa kwake?* Bidii yake? Upole wake? Au unapenda gari, nyumba, na namna watu wanavyogeuka akipita? Majibu haya hayafanani hata kidogo.

*Pili: kumwona si kumjua*

Imepokewa kwamba mtu mmoja alikuja mbele ya Sayyidna Umar (r.a.) akamshuhudia mwenzake kwa wema. Umar akamuuliza: je, wewe ni jirani yake, unayejua kuingia kwake na kutoka kwake? Akajibu hapana. Umewahi kufanya naye biashara ya fedha? Hapana. Umewahi kusafiri naye? Hapana. Basi Umar akamwambia kuwa hamjui mtu huyo. Huenda amemwona msikitini tu akiinamisha kichwa na kukiinua.

Ujirani, pesa, safari. Vitatu tu. Sasa chukua mtu unayemwona kwenye TV umpime. Ujirani hamna. Pesa hamjawahi kupeana. Safari hamjawahi kwenda pamoja. Tena yule aliyeonekana msikitini angalau alikuwa anasali kweli. Huyu wako anaigiza! Anachosema kimeandikwa na mtu mwingine. Machozi yake yamerudiwa mara tatu mpaka mwongozaji aridhike. Akicheza mume mwema, ule wema ndio kazi yake ya siku hiyo. Akicheza mchawi au mama mkwe mkorofi, watu wanamtukana sokoni anaponunua nyanya, na yeye hajawahi kumdhuru mtu. Huko ni kumdhulumu. Tunawadhulumu watu kwa kuwachukia kwa ubaya usio wao, na tunajidhulumu wenyewe kwa kuwategemea kwa wema usio wao.

Kwa hiyo mama wa Korogwe ana hoja. Wale watu hawamjui binti yake. Na binti pia hawajui wao; anajua watu wawili wa kwenye hadithi.

Lakini nami naiona hoja ya binti. Kama kuna mahali pa kumwona mtu wa televisheni akiwa yeye mwenyewe, ni shambani. Jembe halina mwongozaji. Mahindi hayajui nani maarufu. Ardhi ya Handeni wenyeji wanaijua: mvua ikigoma, umekwisha, uwe na jina uwe huna. Tamthilia inaweza kumtajirisha mtu kwa nusu saa, katikati na matangazo yakipita. Shamba halina njia hiyo. Dada yetu huyu amekulia katikati ya mashamba ya mkonge, yale mistari kwa mistari ukiwa njiani Segera mpaka Korogwe. Mkonge ule ulianzaje? Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dkt. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na ile 62 Tanga ikaja kujulikana dunia nzima kwa katani. Na mpaka leo ukipanda mkonge unangoja miaka kadhaa kabla hujakata jani la kwanza. Hakuna kamera inayoweza kuuharakisha.

Hapa nchini wapo wasanii ambao kilimo chao kinajulikana hadharani. Masanja Mkandamizaji, tuliyemjua kwa Ze Comedy na baadaye Orijino Komedi, ni mmoja wao. Amejulikana pia kwa kulima mpunga kule Mbeya. Kijana akienda kumwona mtu wa namna hiyo akiwa kwenye tope, akarudi na hamu ya kulima, safari yake imempa kitu. Akienda akarudi na picha tu, hiyo picha angeipata hata mtandaoni.

*Tatu: shamba ni nyumba ya mtu*

Hapa ndipo wengi tunateleza. Tunadhani kwa kuwa tunamwona mtu sebuleni kwetu kila jioni, basi na sisi tuna ruhusa ya kuingia sebuleni kwake. Sivyo. Yeye hakuingia kwako. Wewe ndiye uliyewasha kisimbuzi.

Qur'ani imelizungumza jambo hili waziwazi, tena kumhusu kiumbe anayestahiki kupendwa kuliko wote. Soma mwanzo wa Suratul Hujurat. Walikuja watu kutoka mbali kumwona Mtume (s.a.w.), wakasimama nje ya vyumba vyake wakawa wanamwita kwa sauti. Mapenzi au haja yao haikuwapa udhuru. Aya ikaeleza kuwa wengi wao hawana akili, na kwamba lau wangesubiri mpaka atoke mwenyewe ingekuwa bora kwao.

Kisha nenda Suratul Ahzab, aya ya 53. Hiyo iliteremka baada ya walima wa ndoa ya Mtume na Bibi Zaynab (r.a.). Watu walikaribishwa, wakala, kisha baadhi yao wakabaki wamekaa wanapiga soga. Mtume alikuwa anaona tabu, na anaona haya kuwaambia watoke. Allah ndiye aliyesema kwa niaba yake: msiingie mpaka mpewe ruhusa, na mkishakula tawanyikeni. Na kwenye Suratun Nur tukafundishwa kuwa tukiambiwa turudi, turudi. Hivyo ndivyo usafi zaidi kwetu.

Tafakari hapo. Mwenye nyumba anaweza kuwa anatabasamu na moyoni amechoka. Mtu maarufu ndiye zaidi, maana akikunja uso tu, kesho yupo mtandaoni anaitwa mwenye maringo. Tabasamu lake usilichukulie kama ruhusa. Uliza. Hodi mara tatu, usipojibiwa geuka, kama Mtume alivyofundisha. Hata kama umetoka Korogwe, umepita kilomita 65 za lami mpaka Handeni, kisha umepanda bodaboda kwenye vumbi la shambani. Nauli uliyolipa wewe haimlazimishi yeye kufungua mlango.

Na simu yako, ndugu yangu! Shikamoo kwanza, simu baadaye. Mtu yuko na kanga kiunoni anapukuchua mahindi, wewe umeshamrusha mubashara. Watoto wake wanacheza uani, hawakuomba kujulikana, wewe unawapiga picha. Umeonyesha geti, umeonyesha njia, umetaja kijiji, na kesho watakuja mia. Pengine alikwenda Handeni ili apumzike na macho yetu. Umemfuata mpaka huko na macho elfu mkononi. Haya ni mapenzi gani?

*Nne: kabla hujamfuata, umemlipa?*

Hili watu hawapendi kulisikia, nalo ndilo zito kuliko yote.

Nitamtaja mzee mmoja wa Tanga, naye ameshatangulia mbele za haki: Amri Athumani, King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza akiwa bado mtoto, na akatuchekesha vizazi viwili vitatu. Nani katika nchi hii hakuwahi kumcheka Majuto? Aliitikiwa kila alipopita. Mwaka 2018 alipokuwa mgonjwa, nchi ikaanza kuuliza: mzee huyu, kwa kazi yote hii, amepata nini? Suala la mikataba ya wasanii lilifika mpaka kwa waziri, ikaundwa kamati kuitazama. Tarehe 8 Agosti mwaka ule ule akafariki pale Muhimbili, akaenda kuzikwa nyumbani Tanga, Kiruku. Watu walijaa. Machozi yalikuwa ya kweli, mimi siyatilii shaka.

Lakini jiulize kimyakimya: zile filamu zake ulizozitazama, uliziona kwa njia gani? CD feki ya kibandani? Flashi ya rafiki? Kibanda umiza ambacho mwenyewe hakumlipa mtu? Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mwigizaji naye ana jasho. Tunasema "tunampenda sana", na katika pendo lote hilo mwenyewe hajaona hata shilingi. Kisha tunataka tumtembelee, atupikie wali, atusindikize mpaka barabarani!

Sasa dada yangu wa Korogwe, na wewe unayesoma: kama una mtu unayempenda kwa kazi yake, pendo la kwanza ni *kumpa haki yake*. Tazama kazi yake kwa njia ya halali. Usiirushe kwenye magrupu. Usimzushie. Akisengenywa mbele yako, nyamaza au mtetee. Haya unaweza kuyafanya ukiwa umekaa nyumbani, bila nauli, na yana malipo kwa Allah. Mtu akikosa haya akaenda kupiga picha, amemfuata mtu anayemdai.

*Tano: safari ya Dhimam*

Nimesema mengi ya kukataza. Sasa tuseme safari nzuri inafananaje.

Alikuwepo bwana mmoja akiitwa Dhimam bin Thaalaba, wa kabila la Banu Saad bin Bakr. Alisafiri mpaka Madina kumwona Mtume (s.a.w.). Akafika, akamfunga ngamia wake, akaingia msikitini na kuuliza: Muhammad ni yupi kati yenu? Hebu simama hapo kidogo. *Hakumtambua.* Mbora wa viumbe alikuwa amekaa katikati ya Maswahaba zake, bila kiti cha peke yake wala vazi la kumtenga, kiasi kwamba mgeni alilazimika kuuliza. Wewe mwenye wafuasi, uwe msanii, mwalimu, imamu au mwenyekiti wa mtaa, jipime kwa hilo: mgeni akiingia unapokaa, atakutambua kwa nini? Kwa tabia, au kwa sababu wengine wote wamesimama na wewe peke yako umeketi?

Dhimam alikuwa na maswali mkononi. Akaonya mapema kuwa atauliza kwa ukali, asimchukulie vibaya. Akauliza kuhusu aliyemtuma, kuhusu sala, saumu na zaka. Akajibiwa. Akaamini, akarudi kwa watu wake kuwafikishia. Hakuomba kumbukumbu yoyote ya kwenda kujivunia. Alikwenda na maswali, akarudi na kazi ya kufanya.

Hakuna mwigizaji wa kulinganishwa na Mtume, tusielewane vibaya. Ninachochukua ni adabu ya msafiri. Ukienda kwa mtu unayemheshimu, nenda na swali ambalo jibu lake litabadili kitu utakaporudi. Mmeanzaje? Mwaka ambao mvua haikunyesha mlifanya nini? Mnaigawaje siku kati ya kazi na sala na watoto? Na wahenga walishatuwekea kanuni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe usingoje siku ya tatu. Ukifika shambani kwa watu, uliza "nisaidie wapi?" hata kwa saa moja. Palilia mstari mmoja. Hapo utakuwa umeshafanya naye kitu kimoja cha kweli, na kumjua kwako kutaanzia hapo.

*Sasa, mama na shangazi*

Dada yetu, hili ndilo jibu letu, na uamuzi ni wako na mama yako.

Safari yenyewe si haramu, kama mmeomba mkaribishwe, kama mna adabu, kama fedha haina deni ndani yake wala haki ya mtu, na kama mzazi ameridhia. Hilo la mzazi usilipite. Zungumza naye, usimtoroke. Mama hakuchukii wala haoni wivu na watu wa TV. Ameona jambo moja ambalo wewe hujaliona: una shangazi njiani.

Kuunga udugu ni wajibu. Kumtembelea mwigizaji ni ruhusa tu. Wajibu haupishi ruhusa. Na hebu mpime shangazi kwa vile vitatu vya Umar. Huenda ndiye aliyekubeba mgongoni ulipokuwa mdogo, akakulipia daftari, akasafiri usiku kuja kumuuguza baba yako. Huyo anakujua, tena jina lako analitaja kwenye dua. Hana mtu wa kumchukua video, na hakuna atakayekupongeza kwa kuwa umekwenda kwake. Ndiyo maana kwenda kwake ni kuzito. Ndiyo maana pia kuna thawabu.

Basi shuka Sindeni kwanza. Kaa kwa shangazi siku nzima, si ile ya "nimepita tu". Mchotee maji, mpikie, msikilize hadithi zake ambazo ulishazisikia. Ukitoka hapo na bado nauli ipo, nenda Handeni na moyo mweupe. Na kama nauli imeishia kwa shangazi, umekosa picha na umepata udugu.

*Ramadhani inatufundisha nini hapa?*

Saumu ni ibada isiyoonekana kwenye kamera. Sala inaonekana, sadaka inaonekana, hija inaonekana. Lakini nani anajua kama kweli umefunga? Mwigizaji hodari anaweza kuigiza njaa, midomo ikauke na sauti itetemeke, na saa hiyo tumbo limejaa chai. Na masikini wa Mungu anaweza kuwa amefunga siku nzima juani, analima, na hakuna hata mmoja aliyejua. Tumefundishwa kwamba Allah ameinasibisha saumu Kwake, na Yeye ndiye atakayeilipa. Kwa mwezi mzima tunafanya mazoezi ya kuridhika kuonekana na Mmoja tu.

Mtu aliyezoea hivyo hababaiki sana na wanaoonekana na wengi. Anawapenda kwa kiasi, anawapa haki yao, anawaombea dua, kisha anarudi kwa watu wake ambao hawaonekani.

*Kazi ya leo kabla ya futari:*

1. Mtaje moyoni mtu mmoja maarufu unayempenda. Jiulize unapenda nini kwake, na kama kuna haki yake uliyoila. Kama ipo, acha leo.
2. Mtaje ndugu mmoja uliyekuwa unapita njiani kwake bila kuingia. Mpigie simu kabla jua halijazama. Usimtumie ujumbe, *mpigie* asikie sauti yako.
3. Waombee dua wote wawili kwa majina yao.

Ya Allah, tujaalie tuwapende wanaostahiki kupendwa, na tusimdhulumu mtu kwa kumpenda wala kwa kumchukia. Warehemu waliotufurahisha wakatangulia, wasamehe nasi utusamehe haki zao. Wape umri na afya shangazi zetu, wajomba zetu na wazazi wetu, na utufungulie njia za kuwafikia. Na utukubalie saumu zetu ambazo Wewe peke Yako unazijua. Amin.

Ukiona ina faida, mfikishie na mwenzako. Futari njema, tukutane kesho inshaallah. 🌙